Ramdiski ya Myamba

Myamba,
18 Februari 2001

Kelvin mwanangu,

Hapa tu wazima. Mvua bado, na baba yako mgongo unamsumbua ila anakataa kushikwa mkono akipanda ngazi za kanisa, kwa hiyo ujue hajabadilika. Nimekaa kuandika kwa ajili ya mashine.

Diski uliyoirudisha imefika. Sifael kondakta aliipakata kutoka Dar mpaka Same, hakuiachia hata kwenye vituo vya chai. Nimeifunga mwenyewe, waya mpana na waya mwembamba, kama ulivyonichorea. Tukaazima jenereta la usharika, tukawasha. Maandishi meupe yakaanza kukimbia kwenye kioo, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu yakasimama. Mstari wa mwisho unasema kwa Kiingereza kwamba kerneli imeingiwa na hofu kwa sababu haiwezi kufungua mzizi. Nimetafuta kwenye kamusi nikidhani nimekosea. Sikukosea, ni hofu.

Mimi nilikaa ofisi ya mkonge mpaka siku wenye mali wapya walipoingia. Nilipiga taipu barua za kuwaachisha kazi wenzangu, moja baada ya nyingine, hadi nikafika kwenye ya kwangu, nayo nikaipiga bila kosa. Sikuingiwa na hofu. Mashine hii tuliyookota baada ya wao kuitupa haitaniambia mimi habari za hofu.

Sasa sikiliza, maana jambo limekuwa kubwa. Unajua darasa letu la taipu na kompyuta liko kwenye ghala la kahawa, ambalo limekaa tupu tangu chama cha ushirika kife. Erasmo, yule mnunuzi wa tangawizi wa Hedaru, analitaka. Alisimama kwenye kikao cha kijiji akasema ghala limekaliwa na makopo ya mkonge yasiyowaka. Nikamjibu yatawaka. Akasema, "Yatawaka siku mtoto wa kaka yako akija, na akiondoka yatazimika. Mashine inayowashwa na mtu wa Dar si mali ya kijiji." Watu wakacheka, wengine ndugu zetu kabisa.

Mwenyekiti Eliamini akaamua hivi. Jumamosi baada ya Pasaka mkutano mkuu utakaa ndani ya ghala. Mashine ikiwashwa na watu wa hapa kwa mikono yao, ghala ni la darasa. Isipowaka, ni la Erasmo.

Kwa hiyo usije. Nakujua, umeshaanza kutafuta nauli. Ukikanyaga hapa kabla ya mkutano, mimi nimeshindwa. Niandikie tu mashine inaogopa nini, na dawa yake ni ipi. Barua umpe Sifael aiache dukani kwa Hezroni pale stendi ya Same, gari la Myamba litaichukua.

Shangazi yako,
Hedwiga


Dar es Salaam,
26 Februari 2001

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka bosi akachungulia. Wenzangu hapa duka la kompyuta wana utani wao kuhusu Mpare anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimewaambia wakae kimya, shangazi yangu ana kesi ya ghala zima.

Hofu ya mashine imetokana na mimi. Diski yako ni ya aina inayoitwa skazi, haisomeki bila kadi maalumu, na kila kadi ina dreva yake, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza nayo. Nilipoipakia Linux, mfumo unaoiendesha mashine, hapa Kariakoo niliifunga diski kwenye mashine ya dukani. Kadi ya hapa na kadi ya huko ni za kampuni tofauti. Kerneli, ndicho kiini cha Linux, ikiamka huko Myamba inatafuta diski, haina dreva ya kadi yako, inakata tamaa.

Utaniuliza dreva iko wapi. Iko ndani ya diski hiyohiyo isiyofunguka. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Waliotengeneza Linux walitafuta njia. Wanafunga furushi dogo linaloitwa ramdiski, nalo hupakiwa kwenye kumbukumbu ya mashine pamoja na kerneli kabla diski haijafunguliwa. Ndani ya furushi mna nyumba ndogo kabisa: dreva zinazohitajika, amri ya kuziingiza, na faili moja iitwayo linuxrc inayosema ipi iingie. Kerneli inaanzia maisha humo. Inaingiza dreva, diski inafunguka, inahamia kwenye nyumba kubwa na furushi inaliacha. Sasa furushi nililolifunga mimi lina dreva ya kadi ya Kariakoo. Tunahitaji lenye dreva ya kadi ya Myamba.

Shangazi, sikufichi, kazi hii ni ngumu kuifundisha kwa barua. Ningekuwa wewe ningeishusha mashine Same. Kuna fundi pale ninamwamini, ataitengeneza kimya kimya, mtairudisha mlimani kabla ya Pasaka. Nani atajua? Kama hutaki, fungua boksi, tafuta kadi iliyochomekwa ule waya mpana, uniandikie maneno yote yaliyo juu yake.

Nisalimie baba.

Mtoto wako,
Kelvin


Myamba,
8 Machi 2001

Kelvin,

Marahaba. Umeuliza nani atajua. Mimi nitajua. Lukia atajua, na wanawake wote walioacha vibarua vyao kukaa kwenye mabenchi ya ghala watajua. Halafu niambie, ni kitu gani kimeshuka mlima huu kwenda kutengenezwa kikapanda tena? Lori la ushirika lilishuka. Mashine ya kukoboa kahawa ilishuka. Tunazisubiri. Habari ya kimya kimya usiniletee tena.

Boksi tumelifungua kwa bisibisi ya cherehani ya Lukia. Humjui. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini kwetu. Kambi ilipofungwa nilipanda naye huku, sasa ni fundi cherehani na ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza. Ana macho. Maandishi ya kwenye kadi ameyanakili yeye, yako nyuma ya karatasi hii.

Sasa nina swali, na usinipige chenga. Umesema diski haisomeki mpaka dreva iingie. Dreva iko kwenye furushi. Furushi lenyewe limekaa wapi mashine ikiwa imezimwa? Kwenye diski hiyohiyo, maana hakuna pengine. Basi ni nani anayelitoa furushi kwenye diski isiyosomeka? Ama kuna kitu hujaniambia, ama kuna kitu hujui.

Erasmo ameanza kuleta magunia ya tangawizi barazani kwa ghala, eti anapima nafasi. Nimeyasogeza uwanjani. Jioni mvua ya kwanza ilinyesha, na hilo halinihusu.

Shangazi yako,
Hedwiga


Dar es Salaam,
15 Machi 2001

Shangazi, shikamoo.

Kuna kitu sikukuambia. Kuna mlinzi mdogo anaitwa Lilo, anayeamka kabla ya kerneli. Hajui majina ya mafaili, wala dreva hana. Anatumia uwezo wa zamani uliochomwa ndani ya mashine huko kiwandani, unaosoma diski polepole kwa kuhesabu mahali tu. Siku unapompa amri anakariri: furushi limekaa chumba hiki, na hiki, na hiki. Mashine ikiwashwa anakwenda moja kwa moja kwenye vyumba hivyo na kubeba anachokikuta, bila kuangalia ni nini. Anampa kerneli, kazi yake imekwisha.

Kadi yako naijua. Dreva yake inaitwa aic7xxx. Ndani ya bahasha kuna flopi, diski ndogo ya kuchomeka, ya kuokolea mashine. Ukiwasha mashine kwa flopi hiyo utapata kioo cheusi na mahali pa kuandikia amri tu. Darasa halifundishiki hapo, lakini panatosha kufungia furushi.

Kwenye karatasi ya pili nimeziandika amri zote kwa mfuatano. Kwa ufupi, unatengeneza faili tupu, unaigeuza iwe na umbo la diski ndogo, unaifungua, unaweka vitu ndani. Unaweka dreva tatu: scsi_mod, sd_mod na hiyo aic7xxx. Zote tatu uzitaje kwenye linuxrc. Unafunga, unabana lipungue ukubwa, unaliweka furushi kwenye folda ya /boot. Mwisho unaandika neno lilo ili mlinzi akariri.

Usiogope kuharibu. Ukikosea, flopi itakurudisha hapohapo mwanzo.

Samahani kwa mwandiko. Kazi ni nyingi, bosi anapanga safari za mikoani baada ya Pasaka na bado sijui nitaangukia wapi.

Mtoto wako,
Kelvin


Myamba,
25 Machi 2001

Kelvin mwanangu,

Marahaba. Mlinzi wako nimemwelewa. Ofisi ya mkonge tulikuwa na mtumishi wa namna hiyo, ukimhamishia meza bado asubuhi anaweka chai palepale pa zamani.

Tumefunga furushi. Asteria, mwanafunzi wangu mwingine, alisoma amri, Lukia akaandika, mimi nikasimama nyuma nikikataza haraka. Kila hatua ilikubali. Tukampa Lilo amri, tukatoa flopi, tukawasha. Safari hii kioo kilifika mbali zaidi, kikasema hata neno furushi limepatikana. Halafu aic7xxx ikaingia na kulalamika kwamba kuna majina inayoyategemea haiyaoni. Mstari baada ya mstari wa malalamiko. Mwisho hofu ileile.

Nakuandikia linuxrc yetu kama ilivyo. Ya kwanza ni aic7xxx, inafuata sd_mod, ya mwisho scsi_mod. Hukusema ipi itangulie, kwa hiyo nilitazama ukubwa wa mafaili nikapanga kwa heshima. Kwetu mkubwa hutangulia, iwe kwenye maji ya bwawa la ndiva yakifunguliwa kwenda mashambani, iwe kwenye sahani au kwenye kuzungumza. Kama nimekosa hapo sema.

Jirani yetu Mwalimu Fanueli ameniambia kwa upole nikubali yaishe, niombe nafasi ndogo kwenye ofisi ya kata. Nimemwuliza kama na yeye angekubali yaishe. Akasema yeye alikuja kuomba chumvi tu.

Wanawake wawili wameacha darasa. Wamebaki wenye vichwa vigumu, na hao ndio ninaowataka.

Shangazi yako,
Hedwiga


Dar es Salaam,
30 Machi 2001

Shangazi, shikamoo.

Naandika nimesimama, Sifael anapiga honi. Ni mpangilio tu. Mashine haina adabu yetu. Mkubwa huyo amesimama mabegani mwa wadogo, kwa hiyo wao waingie kwanza: scsi_mod, kisha sd_mod, aic7xxx mwisho. Washa kwa flopi, fungua furushi, geuza mistari ya linuxrc, lifunge na kulibana upya, lirudishe /boot mahali pa lile la zamani, zima, washa. Itawaka.

Mko karibu sana, Shangazi.

Kelvin


Myamba,
7 Aprili 2001

Bwana Kelvin,

Nimegeuza mistari. Nimefunga, nimebana, nimerudisha. Nimezima na kuwasha. Ni hofu ileile, na malalamiko yaleyale.

Nilikuwa nimekaa kutafuta kosa langu ndipo Sifael akanipongeza. Amepanda mwenyewe na gari la Myamba kuja kumwona mama yake, na kunyamaza hajui. Anasema mtoto wa kaka yangu anakuja Jumamosi ya mkutano ndani ya gari la Erasmo, na kompyuta mpya za ofisi ya tangawizi, zitakazofungwa humu humu ghalani. Zinatoka duka lenu. Ameyaona maboksi yana jina la Erasmo, na fundi wa safari ni wewe.

Ndiyo hiyo safari ya mikoani ambayo ulikuwa hujui itaangukia wapi.

Sasa naelewa kwa nini kila barua yako inanifikisha mlangoni na kuniacha nje. Mara ya kwanza hukusema mpangilio. Mara ya pili unaniambia itawaka, na wewe mwenyewe unajua haitawaka. Erasmo amefanya vizuri, amenunua pande zote mbili.

Nimewakusanya wanawake mbele ya ghala nikawaambia umetuuza. Nimelisema kwa sauti, na waliokuwa wanapita wamesikia. Nilikubeba mgongoni wewe, nikakuimbia, nikakufundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia maandazi. Inaniuma kuliko ile barua niliyojipigia taipu mwenyewe.

Usiandike tena. Mkutano nitausimamia na mashine iliyozimika, na nitasema nitakachosema.

Hedwiga Mshana


Myamba,
8 Aprili 2001

Kaka Kelvin,

Salamu. Mimi ni Lukia, yule fundi cherehani. Hatujaonana. Shangazi hajui kama ninaandika, na akijua nitapata shida, lakini nimempa Sifael barua hii aibebe pamoja na ya kwake.

Tangu jana amefagia ghala, akamaliza, akafagia tena.

Mimi sijui kama umetuuza. Kama umetuuza usinijibu. Kama hujatuuza, nisaidie jambo hili. Maneno ya kwenye kioo safari ya pili ni yaleyale ya safari ya kwanza, yote, na kwa mpangilio uleule. Nilikuwa nimeyanakili mara zote mbili, nikaweka karatasi juu ya karatasi kama ninavyolinganisha mikono ya shati. Hazipishani hata herufi. Lakini sisi tuligeuza mistari, nina hakika, mimi ndiye niliyeigeuza. Hata kama tulikosea, si ingelalamika kwa namna nyingine?

Nitakuambia na hili. Sina shamba huku wala ukoo. Kambini nilikozaliwa nyumba zimeng'olewa mabati. Darasa likifa mimi sina pa kurudi, ndiyo maana nimethubutu kuandika kwa mtu nisiyemjua.

Lukia


Dar es Salaam,
12 Aprili 2001

Shangazi, shikamoo, hata kama hutaki kuitikia.

Sifael amesema kweli. Oda ya Erasmo ililetwa dukani katikati ya Machi, na bosi akanipanga mimi kwa sababu naijua njia. Nilikuficha. Nilidhani nitachomoka taratibu, apangiwe mwingine, usijue kabisa. Nilijua ukisikia utawaka, nikaogopa. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali lote.

Lakini sikukuuza. Jana nimemwambia bosi siendi Myamba kwa gari la Erasmo, leo wala kesho. Akaniambia basi nisirudi baada ya Pasaka. Nimekusanya bisibisi zangu nikatoka. Nasema hivi ujue tu nimesimama upande gani.

Kuhusu furushi, Lukia ameona sawa kabisa, na mwambie nimesema hivyo. Usimgombeze. Mlipolifunga upya limekaa kwenye vyumba vingine vya diski. Lilo hajui. Anakwenda vyumba vya zamani, anabeba furushi la zamani, ambalo bado liko pale. Anatakiwa aambiwe akariri upya kila furushi linapofungwa. Kwenye barua ya kwanza ya maelekezo nililiandika. Kwenye ile niliyoandika nimesimama nililisahau, kwa sababu mimi hatua hiyo hufanywa na vidole kabla sijafikiri. Sikukunyima, Shangazi. Lilinitoka.

Washa kwa flopi, ingia, andika lilo. Hakuna kingine. Barua hii nampa kondakta wa basi la mwisho kabla ya sikukuu. Naomba Mungu njia isikatike.

Mtoto wako, ukipenda usipende,
Kelvin


Myamba,
23 Aprili 2001

Kelvin mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya kabla ya Pasaka nimeipata leo. Mvua ilikata njia, gari la Myamba halikushuka, barua ikalala kwa Hezroni. Mkutano ulikuwa juzi. Kwa hiyo neno lako la kuandika limefika kazi imekwisha.

Ijumaa Kuu tulipotoka kanisani Lukia alinifuata na karatasi zake mbili. Nikamwambia aniache nimechoka. Akasema, "Shangazi, mashine haijaona tulichokifanya." Nikakaa chini. Nikaitafuta barua yako ya mlinzi anayekariri vyumba, ambayo nilikuwa nimeitupa kwenye kikapu cha kuni na kwa bahati haikuwa imeungua. Tukaisoma pamoja, tukaliona kosa. Jumatatu ya Pasaka tulipata jenereta, tukamwambia mlinzi akariri upya. Mashine ikawaka, na vioo vyote vinne vya darasa vinavyoitegemea vikawaka nayo. Nililia, na usimwambie baba yako.

Juzi ghala lilijaa mpaka madirishani. Erasmo alikuja na maboksi yake. Nikawasha mashine, ikawaka, watu wakapiga makofi. Erasmo akasimama akasema, "Hii ni kazi ya Kelvin, imeletwa kwa bahasha. Mtoeni Kelvin hapa muone kama kuna kitu." Watu wakaanza kunong'ona. Na kwa kweli, mwanangu, alikuwa na hoja.

Nikasema basi. Nikaketi, nikaliharibu furushi mbele ya macho yao. Sikufuta jina tu, maana Lilo angelikuta bado, nilivijaza vyumba vyake sifuri kimoja kimoja. Nikazima, nikawasha, na hofu ikaandikwa kwenye kioo kila mtu akaiona. Asteria alijifunika uso kwa kanga. Erasmo akakaa vizuri kwenye kiti chake.

Halafu nikainuka nikamwita Lukia akae. Mimi ni shangazi yako, ningelifunga mimi, bado wangesema ni la ukoo.

Erasmo akasimama tena. Akasema huyu naye ni wa Kigoma, na uamuzi ulisema watu wa hapa. Nilifungua mdomo, Eliamini akanizuia kwa mkono. Akawauliza watu, "Pembe ya msaragambo ikilia, siku ya kuzibua mfereji au kutengeneza njia, Lukia hutoka na jembe au hatoki?" Wakajibu hutoka. Akasema, "Basi ni wa hapa. Endelea, mama." Erasmo akasema angalau flopi ni ya Dar. Nikamwambia hata jembe lake ni la kiwandani, kulima ndiko kwake.

Lukia hakusoma karatasi. Faili tupu, umbo la diski, dreva tatu, wadogo wakitangulia. Akafunga, akabana, akalirudisha /boot. Akanyoosha mkono kwenye swichi ili azime.

Kutoka kwenye mabenchi wanawake wakasema kwa pamoja, "Lilo." Hawakupaza sauti, walisema kama watu wanavyoitikia ibadani. Yudith wa darasani alisema, na wale wawili walioacha darasa walisema, maana kumbe walikuwa wanasimama dirishani siku zote. Lukia akarudisha mkono, akaandika, akazima, akawasha.

Sina haja ya kukueleza zaidi. Eliamini alihesabu mikono, na sehemu ya mbele ya ghala ni yetu. Chumba cha nyuma amepewa Erasmo mpaka msimu uishe. Mimi sikubali nusu, nimeshapeleka rufaa kwa kata, na hao wenzako wa dukani waambie kesi ya kuku inaendelea.

Kabla watu hawajatawanyika nilisimama mara ya mwisho. Nilikuwa nimekuita msaliti mbele ya watu, kwa hiyo nikalifuta neno hilo mbele ya watu. Barua yako sikuwa nayo, wala sikujua umeacha kazi. Niliona tu kwamba fundi aliyeshuka kwenye gari la Erasmo hakuwa wewe. Hilo lilinitosha, na nisamehe kwamba lilikuja baada ya mimi kukushtaki.

Sasa njoo, hakuna anayekukataza. Usitegemee kuonewa huruma kwa sababu ya kazi, hapa kila mtu ameachishwa mahali. Zamu ya kufundisha ni ya Lukia na mabenchi ya mbele yamejaa, kwa hiyo utakaa nyuma, na kibodi hutaigusa mpaka uambiwe. Jumamosi pembe ikilia utatoka na jembe pamoja na sisi, ndipo tutajua wewe ni mtu wa wapi.

Shangazi yako,
Hedwiga